Jibu: Mwenye kifafa akitaka kufunga Ramadhani, dawa ameze lini?

Wa alaykum salaam dada. Umesema kaka yako hapo Likoni anameza kabamazepini, dawa yake ya kifafa, mara tatu kwa siku, hajaanguka mwaka mzima, na sasa ataka kufunga kwa kuruka dozi ya mchana na kumeza mbili kwa mpigo akifuturu. Tena yuko jirani anayemwambia aache dawa kabisa, anywe kombe (maji yaliyooshewa aya za Qurani zilizoandikwa kwenye sahani). Mwanangu ana kifafa tangu alipougua malaria ya kichwani utotoni, na suala hili la saumu tumelipitia, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Dawa asiache. Haiponyi kifafa, inazituliza seli za ubongo zisilipuke umeme kwa pamoja, na inafanya hivyo muda ule tu ambao imo kwenye damu. Huo mwaka bila kuanguka ni kazi ya dawa. Sasa kila dawa ina mwendo wake wa kutoka mwilini. Fenobabitoni, inayotibu kifafa tangu 1912, nusu yake hutoka kwa siku tatu hivi. Kabamazepini kwa aliyeizoea, nusu imetoka kati ya masaa 12 na 17. Mwanangu anameza fenobabitoni mara moja usiku, basi saumu haikumvurugia ratiba. Kaka yako hawezi kumwiga.

Akimeza mbili pamoja, kiwango kitapanda ghafla usiku: kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba. Kufika alasiri kimeshuka, naye wakati huo ana njaa na usingizi. Huo usingizi ndio unaonitisha mimi kuliko njaa. Tarawehe hadi usiku, kisha kuamka daku, na kukosa usingizi ni kichochezi kikubwa cha kifafa. Mwanangu huswali tarawehe nyumbani, hulala mapema, na baada ya adhuhuri hulala tena.

Linalowezekana ni hili: aende kliniki mapema, Rajabu au mwanzo wa Shaabani, amwambie daktari wazi kwamba anataka kufunga. Kabamazepini ina vidonge vinavyoachia dawa polepole (hivyo havisagwi wala kutafunwa), na daktari akiona vyamfaa aweza kumpangia mara mbili, daku na futari. Sisi wa Mombasa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo toka daku hadi magharibi ni kama masaa 14 na usiku 10, Ramadhani iangukie mwezi wowote. Mwenzetu aliye Uingereza, ikimwangukia Juni, hana nafasi hiyo, maana usiku wake ni mfupi mno. Mabadiliko yaanze kabla ya mwezi kuandama, mumwangalie kwanza. Na daktari akisema asifunge, asifunge. Al-Baqara aya ya 184 imempa mgonjwa ruhusa. Habari ya kulipa au fidia amuulize sheikh wake.

Kuhusu jirani: kombe sina ugomvi nalo, mradi dawa imemezwa. Watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) hapo Kilifi walipima damu za wenye kifafa wakakuta zaidi ya nusu hawana dawa mwilini. Walipofuatilia vifo, wenye kifafa walikuwa wakifa zaidi ya mara sita kuliko wenzao, na wasiozingatia dawa walikuwa hatarini zaidi. Jambo hili laniuma sana, maana fenobabitoni ni katika dawa za bei nafuu kabisa, na utafiti wa Nakuru uliochapishwa 1991 ulionyesha inazuia kifafa sawa na kabamazepini. Watu wetu wanakufa na dawa ipo.

Akiruhusiwa kufunga, watu wa nyumbani wajue: akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtazame saa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Siku ya kliniki aende na pakiti zake za dawa zote, hata za maradhi mengine, kwa sababu kabamazepini hugongana na dawa nyingi.