Fiame Naomi Mata'afa wa Samoa: mambo ya kushika kabla hujaandika habari zake

Makala nyingi kuhusu waziri mkuu huyu wa zamani hufunguliwa kwa China na Marekani kuwania Pasifiki. Anzia kwingine. Ni kweli mwaka 2021 aliusimamisha mradi wa bandari ya Vaiusu, wa dola milioni 100 za Marekani kwa ufadhili wa China. Lakini kilichompandisha na kilichomshusha ni mambo ya nyumbani: vyeo na ardhi ya kimila, na hesabu ya vichwa katika bunge la viti 51.

Jina kwanza, maana hapo wengi hujikwaa. Fiame ni cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo. Jina alilopewa ni Naomi. Mata'afa nacho ni cheo kikubwa, alichokuwa nacho baba yake, waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru wa 1962. Kwa hiyo ukimtaja mara ya pili andika "Fiame", kama Wasamoa wenyewe wanavyomwita. Ukiandika "Mata'afa" peke yake utamchanganya msomaji kati ya baba na binti. Ile alama katikati ya neno usiifute, ni sauti inayokatika kooni.

Cheo hicho si pambo. Samoa, asiye matai hawezi kugombea ubunge, na hadi kura ya maoni ya 1990 asiye matai hata kupiga kura hakuweza, isipokuwa kwa viti vichache sana. Bila cheo, Fiame asingeingia bungeni mwaka 1985 kwa jimbo la Lotofaga, wala asingekuwa mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri, akiongoza elimu kuanzia 1991.

Halafu mahakama. Chombo kinachoitwa kwa Kiingereza "Supreme Court" cha Samoa usikitafsiri Mahakama ya Juu, kwa sababu msomaji wa Kenya ataelewa ndicho cha mwisho. Juu yake kuna Mahakama ya Rufani. Iite Mahakama Kuu, na mtiririko wa mwaka 2021 utaeleweka.

Sehemu ya kuikalia zaidi ni Septemba 2020. Fiame alikuwa Naibu Waziri Mkuu wa Tuilaepa Sailele Malielegaoi, aliyeshika madaraka tangu 1998, ndani ya chama tawala cha HRPP (Human Rights Protection Party). Serikali ilileta miswada mitatu ya kuitenga Mahakama ya Ardhi na Vyeo, inayoamua migogoro ya ardhi ya kimila na vyeo vya matai, iwe na ngazi yake yenyewe ya rufaa, nje ya usimamizi wa Mahakama Kuu. Chukua mtu aliyenyang'anywa cheo bila kusikilizwa: awali angeweza kulalamika Mahakama Kuu kwamba haki yake ya kikatiba imevunjwa, kwa mpango mpya, mlango huo unafungwa. Katika nchi ambayo takribani asilimia 80 ya ardhi ni ya kimila, hilo linagusa kila ukoo. Fiame alijiuzulu, na mwanzoni mwa 2021 akajiunga na chama kipya cha FAST na kukiongoza. Ukiandika tu kwamba "alitofautiana na bosi wake", umeacha kiini cha habari nje.

Uchaguzi wa Aprili 9, 2021 uandike kwa namba. FAST 25, HRPP 25, mgombea binafsi mmoja. Katiba inataka wanawake wasiopungua asilimia 10 ya wabunge. Walishinda watano, watano kwa 51 ni asilimia 9.8. Tume ya uchaguzi ikaongeza mwanamke wa sita, wa HRPP, na yule mgombea binafsi akaenda FAST: 26 kwa 26. Mkuu wa Nchi akaitisha uchaguzi mpya. Mei 17 Mahakama Kuu ikafuta kiti kile pamoja na uchaguzi ule. Baadaye Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba asilimia 10 maana yake ni sita, ila kiti cha nyongeza kisubiri kesi za uchaguzi na chaguzi ndogo ziishe. Usiruke hukumu hii ya pili, ingawa inaharibu simulizi nyepesi ya upande mmoja kuwa na haki yote.

Mei 24 milango ya bunge ilikutwa imefungwa, Jaji Mkuu akiwa pale na joho lake, na wabunge wa FAST wakaapishwa chini ya hema uwanjani, Fiame akiwa waziri mkuu. Mahakama ya Rufani ilithibitisha kiapo hicho Julai 23. Uwaziri mkuu wa Fiame, basi, unahesabiwa kuanzia Mei 24, ingawa ofisini aliingia mwishoni mwa Julai. Angalia pia saa: Apia iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 10, hivyo saa 3 asubuhi ya Jumatatu kule ni saa 5 usiku wa Jumapili huku. Samoa ya Marekani, jirani, iko siku nzima nyuma. Hiyo ni eneo la Marekani. Usichanganye habari zake.

Anguko lake lilianzia chamani. Januari 2025 alimfuta kazi waziri La'auli Leuatea Schmidt, mwenyekiti wa FAST, na chama kikamfukuza yeye. Alivuka kura mbili za kutokuwa na imani, Februari 34 kwa 15, Machi 32 kwa 19, kisha Mei 27 bajeti yake ikakataliwa. Bunge likavunjwa. Katika uchaguzi wa Agosti 29, FAST ilipata viti 30, na La'auli akaapishwa Septemba kuwa waziri mkuu. Hapa usiandike kwamba Fiame "alipoteza kiti". Lotofaga alishinda tena; chama chake kipya ndicho kilichoambulia viti 3.