Mama ana bakteria sugu, mbona hapewi dawa?

SWALI: Mama amelazwa kwa upasuaji wa nyonga. Juzi kipimo cha mkojo kilionyesha bakteria aina ya Klebsiella, sugu kwa dawa, akahamishiwa chumba cha peke yake. Hana homa, mkojo haumuumi, na hajaandikiwa antibiotiki. Je, wamemkatia tamaa? Na sisi tunaomuuguza, tutaambukizwa?
Binti anayeuguza

JIBU: Hapana dada, hawajamkatia tamaa. Kubeba bakteria si kuugua. Klebsiella huishi utumboni mwa watu wengi wenye afya njema, na ikionekana kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili, mara nyingi hakuna cha kutibu. Antibiotiki isiyo ya lazima ingewaua bakteria wanyonge na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Tena hawa hupeana vinasaba vya usugu, hata kwa bakteria wa aina nyingine. Ndiyo sababu ametengwa: kuwalinda wagonjwa wenzake.

Jambo la kufuatilia kwa karibu ni mpira wa mkojo, kama bado anao. Kila siku unapokaa, bakteria hupata njia ya kupandia kibofuni. Daktari akipita wodini, muulize bila woga: bado unahitajika? Ukiwa bado upo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na mpira usichomolewe kwenye mfuko.

Ninyi mkiwa wazima, hatari kwenu ni ndogo. Hatari ni kumpelekea mwingine kwa mikono. Kabla ya kumgusa na baada yake, na mnapotoka chumbani, pakeni kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 80, cha kutosha kulowesha mikono yote, msugue sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Ncha za vidole na vidole gumba ndivyo husahaulika. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Akianza kuharisha, tumieni sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa mbegu za Clostridioides difficile, bakteria anayesababisha kuharisha, haziuawi na alkoholi.

Msimwage chai wala maji ya kuogea kwenye sinki la kunawia mikono. Mabaki hulisha utando wa bakteria ndani ya bomba la maji machafu, na koki ikifunguliwa matone huwarudisha juu.

Kama ninyi ndio mnaofuta kimeza chake, anzeni na sabuni na maji, kwani uchafu huidhoofisha klorini. Kisha tumieni klorini ya asilimia 0.1: dawa ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 49, ichanganywe upya kila siku.

Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kuchanganyikiwa ghafla, mwite muuguzi papo hapo. Sampuli za damu na mkojo zichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ilimradi dawa isicheleweshwe. Ombeni pia nakala ya majibu ya maabara. Akilazwa kwingine, itoeni mapema, daktari ajue dawa zipi hazitafanya kazi.