Taekwondo Dar: elfu 80 kwa mwezi ni halali au tunapigwa?

Mkuu uliyeanzisha uzi, salaam. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa yuko Tabata, ana kijana wa miaka 9 anayetaka taekwondo. Klabu aliyoiona inataka 80,000 kwa mwezi na 100,000 ya kujiunga, au atoe 800,000 za mwaka mzima kwa mkupuo, na mtoto "anahakikishiwa" mkanda mweusi ndani ya miezi 18. Anauliza kama bei ni halali. Wadau mmemjibu kwa kutajiana ada za mwezi, huyu Mbagala analipa 25,000, yule Masaki 150,000. Sawa, lakini kwa hesabu ninazozijua mimi, ada ya mwezi ndiyo kitu cha mwisho cha kuulizia.

Nimecheza tangu sekondari, nina dan ya pili (daraja la pili la mkanda mweusi), wanangu wawili wanacheza, na ni mhazini wa klabu ndogo upande wa Temeke. Hela hizi nazitoa kama mzazi na nazipokea kama mhazini, kwa hiyo naongea kutoka kwenye daftari.

Kwetu ni 30,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki. Watoto kwenye orodha ni kama 25, wanaolipa kwa wakati hawafiki nusu, na Januari ndiyo usiseme, kila mzazi anakwambia ada ya shule kwanza. Ukumbi tunakodi kwa shule binafsi, 200,000. Mlinzi anayetufungulia na kuwasha taa ana chake. Mikeka ya povu ikichanika pembeni inabidi ibadilishwe, maana kidole cha mguu kikiingia kwenye ule ufa mtoto analala nje wiki mbili. Kikibaki kitu ndiyo cha mwalimu, na mwalimu wetu ana kazi yake ya mchana, hawezi kuishi kwa hii. Kwa hiyo klabu ya Tabata yenye ukumbi mzuri, vyoo safi na mwalimu wa kudumu ikisema 80,000, sioni wizi hapo. Mwezi ukiugawa kwa vipindi 12 ni kama 6,700 kipindi kimoja.

Hela iko kwenye mikanda.

Mtoto anaanza gup ya 10 (gup ni madaraja ya kabla ya mweusi), mkanda mweupe, anashuka hadi gup ya 1, mkanda mwekundu wenye ncha nyeusi. Hiyo ni mitihani tisa, halafu wa kumi ndiyo wa mweusi. Kila mtihani una ada yake, na ada hiyo haiandikwi kwenye kipeperushi cha pale getini. Sisi tunatoza 20,000 kila mtihani wa rangi, jumla 180,000, na wa mweusi 250,000 ikiwa na cheti cha Korea, mkanda na nauli ya watahini. Ipo klabu moja, jina nalihifadhi, njano unalipa 30,000, ukifika bluu ni 70,000, ukifika nyekundu ni 120,000. Mzazi aliyeshafika nyekundu hawezi kurudi nyuma, na wao wanalijua hilo.

Sasa piga hesabu ya ile ahadi yao. Mitihani kumi ndani ya miezi 18 ni mtihani kila wiki nane hivi. Mwaka 800,000, miezi sita inayobaki 480,000, kujiunga 100,000, tayari 1,380,000 kabla hujagusa mtihani hata mmoja. Mitihani ya rangi ikiwa wastani wa 60,000 unaongeza 540,000, na mweusi hujaulipia bado. Kwetu mtoto anachukua kama miaka mitatu: ada 1,080,000, mitihani yote pamoja na mweusi 430,000, jumla 1,510,000, na amefundishwa muda mara mbili ya huyo wa miezi 18. Waulize leo: nipeni kwa maandishi ada ya kila mtihani kuanzia njano mpaka mweusi. Wakianza "tutaona mbele ya safari mzazi", umeshapata jibu.

La pili, cheti ni cha nani. Hapa wazazi wengi wanachanganywa. Taekwondo ina nyumba mbili kubwa. Ile ya Olimpiki iko chini ya World Taekwondo, shirikisho lililoanzishwa Seoul mwaka 1973 na kubadili jina kuwa hili la sasa mwaka 2017, na vyeti vyake vya dan vinatoka Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972. Nyingine ni ITF (International Taekwon-Do Federation), aliyoianzisha Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, akahamia nayo Kanada mwaka 1972. Alipofariki mwaka 2002 ITF ikagawanyika, na makundi yaliyobaki yote yanatumia jina hilohilo. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi ni ITF", uliza ITF ipi. Simdharau mtu yeyote wa ITF, wana mbinu safi na ngumi zao ni za kweli kuliko zetu. Ila kama ndoto ya kijana ni mashindano ya Olimpiki, njia ni ile ya kwanza. Mkiona Cheick Cissé wa Ivory Coast alivyochukua dhahabu Rio mwaka 2016 kwa teke la kichwa sekunde ya mwisho, hiyo ndiyo nyumba yake. Hata jirani yetu Faith Ogallo wa Kenya aliyekwenda Tokyo alipita hukohuko.

Cheti cha Kukkiwon kina namba, na namba hiyo pamoja na tarehe ya kuzaliwa vinahakikiwa kwenye tovuti yao. Mwambie mwalimu akuonyeshe chake. Mwalimu mwenye cheti halali hanuni, anatoa simu hapohapo kwa furaha. Ada ya Kukkiwon yenyewe kwa dan ya kwanza iko chini ya dola 100, kwa hiyo ukidaiwa laki saba ya "cheti cha Korea", uliza hizo nyingine ni za nini. Pengine zina sababu, watahini wamesafirishwa kutoka mbali, ukumbi umekodiwa. Lakini zisemwe.

Na kitu ambacho klabu yako haijakwambia: mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi dan, anapewa poom. Mkanda wake ni nusu nyekundu nusu nyeusi, akifika umri ndiyo poom inageuzwa kuwa dan. Kijana wa miaka 9 ukimuongezea miezi 18 hajafika hata 12. Huo "mkanda mweusi" wanaokuhakikishia ama ni poom na hawakusema, ama ni cheti cha klabu yao wenyewe, kinachoisha nguvu ukitoka nje ya geti. Kutoka poom ya kwanza kwenda ya pili Kukkiwon wanataka mwaka mzima wa mazoezi, ya pili kwenda ya tatu miaka miwili. Watu wenye masharti ya namna hiyo hawawezi kuwa na mkanda wa kuhakikishiwa.

Vifaa sasa. Mwezi wa kwanza usinunue kitu. Bukta, fulana, miguu mitupu, inatosha. Akionekana amependa, doboki (sare ya taekwondo) ya kuanzia Kariakoo utaipata kwa 60,000 mpaka 90,000. Saizi zake hutajwa kwa urefu wa mtu, 130, 140, 150, kwa hiyo mpime mtoto ukutani halafu panda saizi moja, kunja suruali, pindo likae ndani. Wapo mafundi wanaoshona kwa tetroni kwa nusu ya bei hiyo. Angalia msamba tu, kama hawakuweka kile kipande cha kuongeza nafasi katikati ya mapaja itachanika siku ya kwanza ya teke la juu, mbele za watu. Na mitumba msiidharau. Kwenye marobota yanayotoka Korea doboki za watoto zinaingia sana, soko la Karume nimewahi kuokota moja nzito, safi, mgongoni imedariziwa maandishi ya Kikorea ya klabu ya huko, kwa 8,000. Mwanangu aliivaa mpaka ikamfika kwenye magoti. Klabu inayokataza doboki isiyonunuliwa kwao, kwa mtoto wa mkanda mweupe, inafanya biashara ya nguo.

Vya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, vitafuata baadaye. Hogu (kinga ya kifua) na kofia klabu nyingi wanavyo vya kuchangia. Kinga ya meno na ya kinena nunua za kwake mwenyewe, hizo hazichangiwi. Soksi za kielektroniki zinazosoma pointi ni za mashindano makubwa, jozi moja ni hela ya doboki nzuri, na mtoto wa miaka 9 hazihitaji. Nimeona mzazi ameuziwa akiwa na mtoto wa mkanda wa njano.

Mbao za kuvunja siku ya mtihani nazo watu wanauziwa 5,000 kipande. Nenda Keko kwa mafundi wa fanicha, omba mabaki ya paini, zile mbao nyeupe laini zinazoshushwa kutoka Mufindi. Unene inchi moja kwa mtu mzima, mtoto nusu inchi. Mwambie fundi mistari ya mbao ipite sambamba na zile kingo mbili zinazoshikwa, isitoke mkono mmoja wa mshikaji kwenda mwingine, na teke liangukie sambamba na mistari hiyo. Fundi akikukatia na mtoto akashikiwa kinyume chake, atapiga mpaka kisigino kivimbe na mbao haivunjiki, na kosa halitakuwa lake. Zianike juani siku mbili tatu. Mbao mbichi inajikunja, haivunjiki.

Halafu kuna nauli, ambayo hakuna anayeiweka kwenye hesabu. Darasa likiisha saa moja na nusu usiku huwezi kumwacha mtoto agombanie daladala. Bodaboda 2,500 kwenda, 2,500 kurudi, mara 12, ni 60,000 kwa mwezi. Klabu ya 30,000 iliyo mbali inakugharimu kuliko ya 80,000 unayofika kwa miguu. Na nimeona kwenye daftari letu kwamba wanaoacha wengi si wale wasio na ada, ni wale wanaokaa mbali. Mvua za Machi zikianza tu, majina yanapungua.

Kabla ya kulipa, kaa darasa zima, usichungulie dakika tano na kuondoka. Angalia watoto wadogo, achana na mabingwa wanaopangwa mstari wa mbele. Je, anayegeuza mguu vibaya anarekebishwa, mtu anamshika goti na nyonga akamwonyesha, au anapigiwa kelele tu? Kwenye dollyo chagi, lile teke la kuzungusha, mguu wa chini lazima kisigino kigeuke kielekee mbele. Usipogeuka, goti linapokea mzigo wote. Mwalimu anayeona watoto kumi wanapiga bila kugeuza na anaendelea kuhesabu hana haja ya kukwambia ana dan ngapi. Angalia pia kama wanaruhusiwa kunywa maji, na kama adhabu ni push-up mpaka mtoto analia. Nidhamu tunaipenda wote. Kuna watu wanaitumia kuficha kwamba hawana somo la kufundisha.

Mdau aliyesema apelekwe hapkido: ni sanaa nzuri, kukunja viungo, kutupa, kujinasua ukishikwa. Ila kwa mtoto mdogo sioni kama kufundishwa kukunja kiwiko cha mwenzake ni mahali pa kuanzia, na mwalimu wa hapkido wa watoto hapa Dar mimi bado sijakutana naye. Karate kwa bei ileile pia ni sawa kabisa kama mwalimu ndiye mzuri na yuko karibu.

Kwa hiyo mkuu, ningekuwa wewe: lipia mwezi mmoja, 80,000, ukatae ile ya mwaka. Kuhusu 100,000 ya kujiunga waambie utaitoa mtoto akimaliza mwezi na kusema anaendelea, wengi wanakubali ukiongea kistaarabu. Omba orodha ya ada za mitihani na namba ya cheti cha mwalimu. Wakikupa vyote viwili bila kuzungukazunguka, mpeleke, hiyo ahadi ya miezi 18 ichukulie kuwa ni mdomo wa mtu wa matangazo. Wakikunyima, Segerea, Buguruni na Ukonga zipo klabu za kwenye shule na makanisa, ulizia walimu wa michezo watakuelekeza.

Na dada aliyeuliza kama miaka 38 amechelewa: hujachelewa. Tafuta darasa la watu wazima, usichanganywe na watoto, kwa sababu wao wanapasha mwili dakika tano na wewe unahitaji ishirini. Miezi mitatu ya kwanza usikubali kulazimishwa msamba na mtu akukalie mgongoni. Ada ya watu wazima kwetu ni 40,000, mitihani bei ileile, na mbao yako ni inchi moja.