Uza nyumba, lakini chatu wahame kwanza

Pole sana, kaka. Nimekuelewa: nyumba yako ya Shangani, Mtwara, ina hati, bei ni ya haki, ila mteja akiwaona chatu wako wawili uani anaaga na harudi. Mimi niliuza ya kwangu Mikindani nikiwa na chatu mmoja, najua inavyouma.

Chatu hana sumu, lakini mwenye watoto wadogo ana haki ya kumwogopa. Kinachoua biashara zaidi ni maneno. Huku kwetu ukifuga nyoka, mtaa unasema una mambo yako, na dalali anayasikia kabla hujamfungulia mteja geti. Kwa hiyo wahamishe mapema. Usiwabebe wakiwa wamekula karibuni, watatapika. Subiri tumbo lirudi kawaida. Tumia sanduku la mbao lenye matundu na kufuli, muwe watu wawili au watatu, na msafiri alfajiri kabla jua halijawa kali. Kisha osha banda, ziba nyufa, paka chokaa.

Mteja akiuliza, mwambie ukweli na umwonyeshe kibali chako. Kama huna, simama hapo: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 si ya kuchezea. Ona wakili kwanza, kisha mwende TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usiwaachie porini kimyakimya, nakuomba.

Mkataba uandikwe na wakili, na mkeo atoe ridhaa kwa maandishi. Kama huna haraka, ngoja Oktoba, minada ya korosho ikianza watu wana hela.