Kadi ya intaneti inaonekana kwenye laptopu lakini haishiki mtandao: kabla hujasakinisha upya, tafuta imekwama wapi

Ndugu yetu wa Njoro ameuliza kwa nini kadi ya intaneti ya simu iliyomo ndani ya ThinkPad yake, aliyoinunua ikiwa imeshatumika Uingereza, inaonekana kwenye Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, lakini haishiki mtandao, ilhali laini ileile akiitia kwenye simu bando linafanya kazi bila shida. Anasema ameshasakinisha mfumo upya mara mbili. Namsihi asiurudie mara ya tatu. Mimi nilipita njia hiyo nikapoteza siku nne, wakati nilipotakiwa kupakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na kosa halikuwa kwenye mfumo hata kidogo.

Kadi hii ina safari ya hatua kadhaa: ni lazima laptopu iitambue, kadi nayo iisome laini, redio yake iwashwe, ijisajili kwenye mnara, na mwisho ipewe njia ya data. Ikikwama popote, dalili unayoiona kwenye skrini ni ileile moja, kwamba hakuna intaneti, na ndiyo maana watu wengi hukimbilia kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Fungua dirisha la amri uandike mmcli -L. Kadi ikiorodheshwa, andika mmcli -m 0, ukiweka nambari iliyoonyeshwa kwenye orodha badala ya hiyo sifuri, kisha usome mstari wa hali (state). Ukikuta sim-missing, laini haijakaa sawasawa kwenye kitundu chake. Ukikuta locked, mara nyingi laini ina PIN. Iondoe PIN hiyo ukiwa kwenye simu, wala usibahatishe, kwa kuwa ukikosea mara tatu utadaiwa PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyofungwa.

Kwa maelezo aliyoyatoa, ninashuku hatua ya tatu, ya kuwasha redio. Taasisi inayosimamia mawasiliano Marekani, FCC, hutaka kadi ya redio iidhinishwe pamoja na mashine inamofungwa, na kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huifunga redio ya kadi hadi programu fulani iifungue kila mashine inapowashwa. Windows hufanya kazi hiyo kimyakimya kupitia draiva za mtengenezaji. Kwenye Linux, ModemManager, yaani programu inayoziendesha kadi hizi na ndiyo yenye amri ya mmcli, ilikuwa ikizifungua baadhi ya kadi yenyewe, lakini tangu toleo la 1.18.4 haifanyi hivyo mpaka mwenye mashine aruhusu. Kadi inaonekana, laini inasomwa, lakini ukiiambia iwake inakataa na kubaki katika hali ya umeme mdogo. Kwangu nilisakinisha programu saidizi za libmbim-utils na libqmi-utils, nikaunganisha faili zilizomo katika /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d na folda ya /etc/ModemManager/fcc-unlock.d kwa amri ya ln -s, kisha nikaizima mashine na kuiwasha. Redio ikawaka. Majina ya faili nyingi humo ni utambulisho wa kadi kama unavyoonekana kwenye lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB; kwa mfano Sierra EM7455 ni 1199:9079. Kama utambulisho wa kadi yako haumo katika folda hiyo, njia hii haitakusaidia.

Redio ikishawaka, jaza APN, yaani jina la njia ya data ya mtandao wako. Kwa laini ya Safaricom ni safaricom, na kwa Airtel ni internet, zote kwa herufi ndogo.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikiwa nyumbani Kisumu mjini kadi ilifanya kazi, japo polepole, lakini nilipoifikisha shuleni Seme ilikuwa ikishika mtandao na kuuachia kila baada ya dakika chache, huku simu yangu iliyokuwa juu ya meza ileile ikiendelea vizuri. Fundi mmoja mjini akaniambia, “Mwalimu, hiyo kadi imechoka, tukuwekee nyingine.” Nikakubali, nikalipa, na hali haikubadilika. Ndipo nilipoanza kupima badala ya kukisia. Amri ya mmcli -m 0 --signal-setup=10 ikifuatwa na mmcli -m 0 --signal-get hutoa kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara kiitwacho RSRP, ambacho kwenye 4G kikiwa karibu na -85 ni kizuri, na kikishuka chini ya -110 ni dhaifu mno. Changu kilisoma -114.

Nilizima betri ya ndani kupitia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, nikafungua kifuniko cha chini. Waya mwekundu wa antena, ambao kwenye ThinkPad yangu ndio mkuu, ulikuwa umelala kando ya kadi bila kushikana nayo, na ule wa samawati peke yake ndio uliokuwa umebanwa. Kadi zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa nzima. Vichwa vya waya hizi ni vidogo kuliko punje ya mtama na havistahimili kung'olewa mara kwa mara, kwa hiyo kilinganishe kwanza na tundu lake, kisha ukibonyeze wima kwa kidole mpaka usikie kimeingia. Nilipourudisha, kipimo kilipanda hadi -91 pale pale shuleni.

Mwenzetu aangalie pia jambo moja kabla ya kulipia kadi mpya: laptopu nyingine ziliuzwa zikiwa na nafasi ya kadi lakini bila waya za antena, na hapo hakuna kadi itakayokufaa. Vilevile aulize kadi ilitengenezewa soko gani. Mitandao yetu hutumia 4G ya megahezi 800, yaani bendi ya 20, ambayo hufika mbali na kupenya kuta kuliko ile ya 1800. Kadi za Ulaya huwa nayo, lakini baadhi ya zile za Marekani hazina, na kadi ya namna hiyo inaweza kukuridhisha ukiijaribu Nakuru mjini kisha ikakuangusha ukirudi nayo Njoro.

Andika hapa mstari wa hali na kipimo cha RSRP ulichopata, pamoja na utambulisho wa kadi kutoka lsusb, nami nitakujibu jioni nikitoka darasani.