Blanketi la nini jangwani?

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza: "Baba, Januari twaenda na wenzangu kulala kwenye mchanga wa Sharqiya, jangwa la huku Oman, kisha tupande mlima Jebel Shams. Blanketi zito la nini jangwani?"

Nami sikulibeba, mwaka wangu wa kwanza Muscat. Nilichukua kikoi na shuka. Mchana tulitembea pekupeku juu ya matuta, raha tupu. Jua lilipotua, joto likaondoka nalo, maana hewa kavu na mbingu isiyo na wingu haviwezi kulishika. Usiku wa manane meno yalikuwa yanagongana, na alfajiri shuka imelowa chepechepe kwa umande, kwani bahari haiko mbali na mchanga ule, na usiku unyevu wake hufika. Basi tandika kitu kinene kwanza, ndipo ujifunike. Ardhi yenyewe inakunyonya joto. Huko Jebel Shams, karibu mita 3,000, maji huweza kuganda.

Baridi lakini utaivumilia. Ninachokuogopea mimi ni wadi, yaani korongo la mto mkavu. Mtapita kwenye korongo mkaone chini mchanga laini, umelala sawa kama mkeka, upepo haufiki, kuni kavu zimejaa. Kila mgeni hutaka kupiga hema hapo, na sisi tulipiga. Akaja mzee wa kijijini na bakora yake, hata kahawa hakutaka, akatuamrisha tuhamie juu. Tulinung'unika, tukahama. Kabla ya alfajiri nikasikia ngurumo, nikadhani lori. Kumbe maji, yanabingirisha mawe na magogo, yamefunika pale pale tulipokuwa tumekoka moto. Kwetu halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha milimani, na mwamba haunywi maji, huyateremsha yote. Tena mvua za upande huo huja hata majira hayahaya ya baridi. Nakuomba, baba, usilale kwenye wadi hata mbingu iwe nyeupe namna gani. Wenzako wakicheka, waache wacheke.

Njia ya kwenda As Sab, kile kijiji kilichohamwa ukingoni mwa korongo la Nakhr, ianzeni asubuhi mapema. Jua latua kabla ya saa kumi na mbili, na kando ya njia ni shimo tu. Habari ya kupunguza upepo wa matairi, gari lisizame mchangani, wenyeji watakuelekeza.

Lile blanketi langu la kahawia nimempa shangazi yako, anakuja huko wiki ijayo. Kampokee uwanjani.

Baba yako