Maswali na majibu: GPS inapodanganya

"Nikizima data, mtu bado anaweza kuivuruga GPS yangu?" (Morogoro)

Anaweza. GPS haitumii bando. Nimelijibu hili mara ngapi?

"Mimi ni baharia, meli yetu hupita Mlango wa Hormuz. Kuvuruga mawimbi na kughushi mawimbi si jambo lile lile?" (Mombasa)

Hata kidogo. Mawimbi ya GPS husafiri zaidi ya kilomita 20,000 kutoka kwenye setilaiti, na yakikufikia yamechoka hata kelele za kawaida za redio huyazidi. Kuyavuruga ni kuyapigia kelele zaidi: kioo kinakwambia hakuna mawimbi, nawe unajua umepofushwa. Kughushi ni kukurushia ya uongo yaliyovaa sura ya yale halisi, kipokezi kikayakaribisha ndani. Juni 2017, karibu na Novorossiysk katika Bahari Nyeusi, nahodha mmoja alitazama kioo akakuta meli yake iko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Nchi kavu! Kuwauliza wenzake, nao wamewekwa pale pale, meli zisizopungua 20.

Uongo ule angalau ulijitangaza. Mimi naogopa ule mdogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliivuta boti ya kifahari White Rose of Drachs nje ya njia yake kidogo kidogo, kwa ruhusa ya wenyewe, na hakuna king'ora kilicholia. Haya, kwenye zamu yako, mara ya mwisho kuutazama mnara wa pwani kwa dira ilikuwa lini? Rada, dira ya sumaku na kipima kina havisubiri neno la setilaiti. Ninyi mabaharia wa leo mnakitazama kioo kama mnatazama mpira.

"Nitapata wapi kile kifaa cha kuvuruga GPS, cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, bosi asione lori liko wapi?" (jina limehifadhiwa, na ushukuru)

Kwangu hukipati. Dereva mmoja Marekani alikuwa na hamu kama yako. Kifaa chake kikavuruga mitambo ya kusaidia ndege kutua kwenye uwanja wa Newark. Mwaka 2013 akapangiwa faini ya dola 31,875. Kelele hazichagui traka ya bosi na kuiacha ya ambulensi iliyo nyuma yako. Halafu, lori linalopotea kwenye kioo kila Ijumaa jioni limeshajieleza.

"Simu inanionyesha niko mtaa wa pili. Nimedukuliwa?" (Dar es Salaam)

Toka chini ya bati, kisha utazame tena.

"Ni kweli Galileo, ile GPS ya Ulaya, sasa haighushiki?" (Muscat)

Nani kakudanganya? Tangu Julai 2025 ujumbe wake unabeba rasmi muhuri uitwao OSNMA, unaothibitisha kwamba umetoka kwa wenyewe, na ni bure. Hatua nzuri. Lakini muhuri haunyamazishi kelele, na mjanja anaweza kuyanasa mawimbi halisi akayarusha upya yakiwa yamechelewa. Zaidi ya hapo, kipokezi kisichojua kuusoma hakifaidi chochote. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Akianza kukusifia ukubwa wa kioo, nenda duka jingine.